Majivu ya Vitabu vya Mama

Cuyo, 12 Februari 1992

Nanay Basilisa mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo! Tumefika salama, na mimi ndiye mwanamke mwenye furaha kuliko wote katika visiwa hivi. Usinicheke. Jana Delfin aliamka kabla yangu, akachemsha kahawa, akaimwaga nusu njiani, akaniletea iliyobaki na ua jekundu linaelea ndani ya kikombe. Niliinywa pamoja na ua. Nanay, asante kwa kumzaa.

Nyumba ya mwalimu ni ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya chumbani, jirani anakuombea afya. Sijali. Mwanao akirudi kutoka shule ana chaki kwenye nyusi, namfuta kwa upindo wa gauni, na anasimama kimya kama mtoto anayepigwa picha. Wanaosema amekonda waje waniambie mimi ana kwa ana.

Sasa sikiliza kinachonikera. Jioni, kengele ya Malaika wa Bwana ikishalia, watoto wa mtaa hukusanyika kwenye ngazi yetu kwa sababu tuna taa nzuri. Nikawauliza wamesoma nini maishani mwao. Msichana mmoja, Nening, akakimbia kanisani akaniletea kitabu pekee cha watoto kilichopo pale. Nanay, ni cha maswali na majibu. Dhambi ni nini? Dhambi ni za namna ngapi? Nikamuuliza, "Na hadithi je?" Akaniangalia. "Hadithi za nini, Manang?"

Damu ilinichemka! Utampaje mtoto orodha ya dhambi kabla hujampa mtakatifu hata mmoja wa kumpenda? Mtoto anajua moto wa milele una joto gani, lakini hajui msichana mmoja aliyemjibu mfalme, wala mvulana mmoja aliyekataa kusema uongo. Nikaapa mbele ya wote, na Delfin akinitazama kwa yale macho yake, kwamba Kwaresima yote nitawasomea kila jioni vitabu vya mama yangu.

Vitabu hivyo viko kwako. Siku tuliyoondoka niliacha boksi nyuma ya mlango wa jikoni, boksi la maziwa ya kopo lililofungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Jipni ilikuwa inapiga honi, Delfin ananiita, mimi nalia na kucheka kwa pamoja, nikasahau hata kukuambia. Mama alivipata kwa masista aliokuwa akiwafulia, walipokuwa wanabadilisha maktaba ya wasichana wa bweni. Kila jioni baada ya Rozari alitusomea sisi watoto wake wote. Alipofariki, dada zangu waligawana hereni na pete. Mimi nikasema nipeni vitabu, wakaniona mjinga.

Tafadhali mpe Manong Isko, mpishi wa meli. Ameniahidi atakaa navyo jikoni kwake, mbali na maji.

Mkwe wako anayekupenda, na anayempenda mwanao kupita kiasi,
Perlita


Santa Isabela, Iloilo, 5 Machi 1992

Inday Perlita, binti yangu,

Nimengoja barua mpaka tarishi akiniona anageuza baiskeli. Wanasema meli zimezuiwa na upepo. Sawa, lakini upepo haujamzuia mke wa Kapitan wa mtaa kupata barua kutoka kwa mwanawe Manila, na amenisomea yote, hata sehemu ya tumbo la kuhara.

Naandika kukuambia kwamba lile boksi lako nimelishughulikia. Nililiona nyuma ya mlango wa jikoni siku ileile mliyoondoka. Nilipolifungua na kukuta matawi makavu ya Jumapili ya Matawi yamelazwa juu, na chini yake vile vitabu vitakatifu vilivyokwisha kazi, bila majalada, kurasa zinaning'inia, nilielewa mara moja. Nikasema, kumbe huyu binti amelelewa. Ameona haya kumtuma mama mkwe, akaviweka mahali ambapo jicho langu litafika.

Jumapili iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya kurudisha matawi ya mwaka jana kanisani, yachomwe kuwa majivu ya Kwaresima. Nilibeba boksi kichwani mwangu mwenyewe. Teresing jirani yangu akasema, "Manang Basilisa, panda pikipiki, utavunjika shingo." Nikamwambia vitu vilivyobarikiwa havipandishwi pikipiki na magunia ya pumba. Mtunza sakristia alitaka kunipokea mlangoni, nikakataa. Nikaingia navyo mpaka nyuma ya kanisa penye pipa la kuchomea, nikaviweka kimoja kimoja pamoja na matawi, nikasali Baba Yetu kwa ajili ya marehemu mama yako, nikasimama mpaka moto ukaisha.

Jana tumepakwa majivu. Inday, ya mwaka huu ni meusi na laini! Ya mwaka jana yalikuwa yanadondokea puani. Kapitan amepakwa, wauza samaki wamepakwa, hata yule mwanasheria asiyeonekana kanisani. Kila aliyeyasifia nimemwambia, "Hayo ni ya mama yake mke wa Delfin." Mama yako jana alikuwa kwenye paji la uso la mji mzima. Nilitaka ulijue hilo na ufurahi.

Mwambie Delfin ale.

Nanay Basilisa


Cuyo, 16 Machi 1992

Nanay Basilisa,

Sijui nianzeje, kwa hiyo naanza hivi: umechoma vitabu vya mama yangu.

Nimeisoma barua yako nimesimama bandarini, nikairudia nimekaa chini, nikamkabidhi Delfin aisome kwa sauti nikitumaini macho yangu yamekosea. Meusi na laini! Hayadondoki puani! Nilioshwa na mama yangu, nikalishwa na mama yangu, nikamzika mama yangu, na sasa naambiwa nifurahi kwamba ameshika vizuri kwenye paji la mwanasheria!

Nani alikuambia vimekwisha kazi? Vilichanika kwa sababu vilisomwa. Kile cha mvulana mpiga kengele kilikosa jalada kwa sababu kaka yangu alilala nacho kifuani mwaka mzima. Mtakatifu Yosefu alikuwa na masharubu ya penseli niliyomchorea mimi nikiwa na surua, na Mama alipoyaona alisema, "Mwache, mzee wa watu alikuwa na baridi." Kwenye kitabu cha watakatifu wa kila mwezi kulikuwa na alama ya kidole cha Mama chenye mafuta ya kukaangia, ukurasa wa mwezi wa nane, kwa sababu siku hiyo alisoma huku anapika. Ile alama, Nanay! Sina picha ya mama yangu akicheka. Nilikuwa na ile alama.

Na yale matawi. Kila Jumapili ya Matawi Mama alichana ukuti mmoja vipande vyembamba, akavitumia kuwekea alama tulipofikia. Wakati wa kufunga boksi vilianguka, nikavikusanya nikavilaza juu visivunjike. Hayakuwa ya kuchomwa. Yalikuwa ni mahali tulipoishia.

Watoto walikuja Jumatano ya Majivu, wamechana nywele kwa maji, wakakaa kwenye ngazi. Nikawaambia meli imechelewa, nikajaribu kuwasimulia kwa kichwa. Nakwama, Nanay. Nakwama katikati, majina yanapotea, na Nening anauliza, "Halafu?" Sasa nitawaambia nini? Kwamba hadithi zao zimepakwa Santa Isabela?

Ungeuliza tu! Neno moja kwenye posta! Hata mtu akitaka kuchinja kuku wa jirani huuliza kwanza.

Pasaka sitakuja. Delfin akitaka aje peke yake. Ananiambia nilale kwanza, nifunge bahasha kesho hasira ikipoa. Nampenda kuliko macho yangu, lakini nimeshailamba.

Perlita


Santa Isabela, 27 Machi 1992

Perlita,

Safari hii siandiki Inday.

Barua yako ya kwanza imefika baada ya ya pili, imelowa kama nguo ya kufuliwa. Ndiyo nimejua kwamba vitabu vilikuwa vya kutumwa. Kama ingefika mapema ningevituma. Lakini haikufika, na mimi si malaika wa kusoma barua zilizo baharini.

Sasa nami nikuulize. Ni nani katika mji huu, hai au aliyekufa, anayelaza matawi ya Matawi Matakatifu juu ya vitabu vilivyochanika, Kwaresima inakaribia, akaviacha nyuma ya mlango bila neno? Nenda nyumba kwa nyumba ukaulize wanaelewa nini. Kila mtu atakuambia: hivyo ni vya moto. Vitu vilivyobarikiwa havitupwi jalalani, vinachomwa kwa heshima au vinazikwa. Mama yako alilijua hilo kama ninavyolijua mimi. Ungesema! Mdomo ulikuwa na kazi gani siku ile? Ulikuwa unambusu mwanangu mbele ya dereva wa jipni. Hilo uliliweza.

Na nikuambie, nilivifungua. Niliona masharubu ya Mtakatifu Yosefu. Niliona Papa ana tone la jemu kwenye kofia. Niliona malaika ameandikwa jina la mbwa. Nilifikiri watoto wakorofi wamevinajisi, na wewe umeona aibu, unataka vipate mwisho wa heshima. Nilikuonea huruma! Kumbe katika nyumba yenu ndiyo desturi.

Katika nyumba hii kitabu kitakatifu hakichorwi. Vya kwangu viko kabatini, nyuma ya kioo, tangu siku ya harusi yangu. Hakuna kidole kilichovigusa, hata cha Delfin. Muulize. Baba paroko akija nyumbani huvitazama na kusema, "Manang Basilisa, hii ndiyo nyumba ya Kikatoliki." Hajawahi kuona masharubu.

Huji Pasaka? Sawa. Nitapika kidogo.

Sikukuomba asante. Lakini nilivibeba kichwani, Perlita. Kutoka hapa mpaka kanisani, kwenye jua.

Basilisa


Cuyo, 5 Aprili 1992

Nanay,

Perlita hajui naandika. Amekwenda kufua, na mimi nimemdanganya kwamba nasahihisha mitihani.

Sijawahi kukuandikia kwa hasira, kwa hiyo hii ni mara ya kwanza, na usinirushie kandambili kwa posta. Umemwambia mke wangu aniulize kuhusu kabati. Ameniuliza. Nimemjibu kwamba ni kabati tu, lina vitabu vya zamani. Nilimficha yaliyobaki kwa aibu. Wewe nitakuambia.

Nilikua mbele ya lile kabati. Nikiwa darasa la pili nilishika kitasa, ukanichapa kwa kandambili mpaka alama ya soli ikasomeka. Baada ya hapo nilitazama tu. Nilivijua vitabu vile kwa migongo yake: wa bluu, wa kijani wenye kengele ya dhahabu, mwekundu wenye taji. Nilijitungia mwenyewe kilichomo. Mimi, mtoto wa nyumba yenye vitabu, nilijifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia samaki!

Miaka ile nilipoanza kwenda kwao Perlita kujipendekeza, jioni ya kwanza nilimkuta mama yake, akiwa bado hai, amezungukwa na watoto, wengine chini ya meza, wengine migongoni mwa wengine. Alikuwa anasoma. Nikakaa karibu na mlango kwa adabu. Alipogeuza kitabu niliona jina kwenye ukurasa wa kwanza. Nanay, ndilo jina la mgongo wetu wa kijani. Jina lilelile, kengele ileile. Nilikuwa nimefika kumtazama msichana, nikajikuta namsikiliza mama yake, na nilipoondoka nilikuwa nimesahau kuvaa viatu. Ndiyo maana nilirudi kesho yake. Perlita anadhani nilirudi kwa ajili yake tu, na usimwambie tofauti.

Unaelewa ninachosema? Vitabu ulivyochoma, unavyo. Vilevile. Chapa ileile, vimekaa nyuma ya kioo kwa maisha yangu yote. Hukuvitambua kwa sababu vya mama yake havikuwa na majalada, na vya kwako hujawahi kuvifungua uone ndani.

Hapa kila jioni mke wangu anasimulia alichokumbuka. Akikwama anasema, "Subirini, naangalia chungu," anaingia jikoni, na hakuna chungu kwenye moto. Watoto wanamsubiri kwenye ngazi. Wanajua.

Sikuombi uombe radhi. Najua ulivyo. Nakuomba ufungue kabati. Na kama hutaki, basi niandikie kwa mkono wako kwa nini, kwa sababu mimi tangu darasa la pili sijaelewa.

Mwanao,
Delfin


Santa Isabela, 22 Aprili 1992

Inday,

Pasaka imepita. Nilipika kidogo kama nilivyosema, kikabaki. Wali wa kunata niliofunga kwa majani nimempa Teresing, na watoto wake wamekula huku wananiuliza Delfin yuko wapi, kana kwamba mimi ndiye nimemficha.

Mumeo ameniandikia. Ameniandikia maneno ambayo angekuwa hapa angeyamezea. Usimgombeze kwa kuandika, mgombeze kwa mwandiko. Anasema vitabu vya mama yako na vya kwangu ni vilevile. Sikuamini. Nikaweka barua chini ya sanamu ya Mtoto Yesu, Santo Niño wangu, nikaendelea na Juma Kuu langu.

Ijumaa Kuu, Teresing alikwenda kanisani kuimba Mateso akaniachia watoto wake. Unajua siku hiyo ilivyo. Hakuna kufagia, hakuna kuoga, redio imefungwa, na mtoto hakimbii, maana jeraha la Ijumaa Kuu halifungi. Basi walikaa kwenye mkeka wangu wananitazama. Boyet, yule mdogo, alianza kung'oa mkeka ujiti kwa ujiti. Nikamwambia acha. Akaanza kung'oa kigaga cha goti. Nikaona heri nitafute cha kufanya kabla hajafika kwenye mfupa.

Nikaenda kwenye kabati. Ufunguo ukaingia lakini haukuzunguka. Miaka mingi, Inday. Nikachukua mchi wa jikoni, nikapiga kitasa. Ijumaa Kuu, saa ambayo Bwana wetu yuko msalabani, mtaa mzima kimya, na mimi nagonga kwa mchi! Mke wa Kapitan alitoa kichwa dirishani akafanya ishara ya msalaba. Nikamfanyia na mimi.

Sasa sikiliza, maana bado nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Mchwa wamo. Wameingia kwa ubao wa nyuma, usioonekana. Ule mgongo wa bluu ulikuwa umesimama vizuri kama askari, nikauvuta, ukatoka mgongo peke yake. Ndani vumbi. Mwekundu umeliwa nusu. Mimi nimepangusa kile kioo kila Jumamosi! Nimewafukuza watoto! Nimemchapa mwanangu! Kumbe nilikuwa nawafukuza watoto ili mchwa wasome kwa nafasi.

Nilipewa vitabu vile na msimamizi wa ndoa yangu. Nilikuwa na umri wako na furaha yako, ingawa sikuwa nabusu mbele ya madereva. Niliviona vizuri mno kwa mikono yangu iliyonuka samaki. Nikasema nitavifungua nikiwa na nyumba nzuri. Basi.

Wa kijani umepona. Nikakaa mkekani nikawasomea ule wa mpiga kengele. Mkubwa wao, ambaye huniita Lola kama bibi yake, akanikatiza, "Lola, mbona unasoma kama litania? Tuitikie utuombee?" Wakacheka, siku ya Ijumaa Kuu, nami nikawaacha wacheke.

Na kitabu chenyewe kimeniudhi! Mama gani anamruhusu mtoto alale peke yake mnarani? Na yule padri, mtu mzima mwenye ndevu, anajificha nyuma ya kengele na kumwachia mtoto ufunguo! Nilitaka niingie humo ndani nimkamate kwa kanzu. Ukiniambia kama mtoto anapona sitakusamehe, nataka nione mwenyewe.

Tulipofika pale askari wanapogonga mlango wa mnara, Boyet alijisogeza aone picha, akavuta, ukurasa ukachanika kutoka juu mpaka katikati. Nikavua kandambili. Mtoto hakukimbia. Akasema, "Lola, utanipiga baadaye. Kwanza wamegonga."

Nikaivaa tena.

Sikuvichoma vitabu vya mama yako kwa dharau. Lakini nilivichoma, na alama ya kidole chake ilikuwemo, na niliiona, nikadhani ni uchafu. Nimelisema. Silisemi mara mbili.

Vilivyopona ameviweka Isko jikoni kwake. Nimevipanga katikati ya vitambaa, mchwa nimewatoa mmoja mmoja. Wasomee watoto wako wa Cuyo. Wachore masharubu, sitaki kujua. Wa kijani nimeubakiza kwa sababu hawa wa Teresing wanakuja kila jioni, na kila jioni nawaanzishia mwanzo. Nikifika pale mlangoni naharibu. Nasoma askari wanagonga kama nasoma bei ya dagaa. Watoto wananihurumia, naona.

Mama yako alipasomaje pale?

Nanay


Cuyo, 2 Mei 1992

Nanay,

Bado nimekasirika. Nataka ulijue hilo kwanza, kwa sababu nimelia kwa barua yako mpaka Delfin akadhani kuna msiba, na sitaki udhani machozi ni kitu kingine.

Nimemkasirikia na yeye. Wiki tatu amelala ubavuni mwangu akijua vitabu viko wapi! Kabati tu, anasema, vya zamani tu! Nilimnyima busu mpaka wali uive. Bahati yake ulikuwa mchele mpya, unaiva upesi. Na huyo anayesema alirudi kwetu kwa ajili ya vitabu, barua yake ameisahau kwenye daftari la mitihani, rasimu nzima. Nimeisoma. Nimeificha kwenye nguo zangu. Nitazeeka nayo.

Isko ameleta kifurushi chako kinanukia vitunguu na samaki. Kile chekundu kilicholiwa nusu ndicho watoto wanachokipenda kuliko vyote. Palipo na tundu la mchwa Nening anabuni mwenyewe kilichokuwemo, wengine wanambishia, na jana walipigana kuhusu kama malkia alikuwa na mbuzi. Sikuwazuia. Katika kitabu cha maswali hakuna aliyewahi kupigania kitu.

Usiniulize tena kama mama yangu angekusamehe. Hukuuliza, najua, lakini nimeliona katikati ya mistari. Angekasirika siku nzima, angekuvunjia sahani, halafu angekuuliza umekula. Mimi sijafika kwenye kukuuliza umekula. Nimefika kwenye sahani.

Tunakuja kwa meli ya katikati ya mwezi, shule imefungwa. Delfin atatengeneza ubao wa nyuma wa kabati na kioo atakiondoa. Hilo si ombi. Na nitaleta korosho kwa Boyet.

Kuhusu pale mlangoni. Usijaribu kufanya sauti ya askari. Mama hakufanya sauti. Alisoma polepole mpaka kwenye neno "wakagonga", akanyamaza, akainua uso, akatazama mlango wetu wenyewe. Alitazama tu ule mlango kana kwamba amesikia. Sisi sote tukageuka tukautazama, hata baba aliyekuwa anajifanya amelala. Kitabu kilikuwa kimelala wazi kwenye mapaja yake, na hakukiangalia.

Fanya hivyo, Nanay. Tazama mlango, na usiendelee mpaka wakuombe.

Mkwe wako,
Perlita